Nilisema Litulie, Sikusema Liinuliwe

Miaka ile, ukipeleka gari kwa fundi Singida mjini na kulalamika habari za springi, fundi alisikia neno moja tu: inua. Ukisema linayumba, anakuinulia. Ukisema linagonga, anakuinulia. Hata ukisema umepita kumsalimia tu, ataanza kuinama, achungulie chini ya tumbo la gari, kisha asimame akijifuta mikono na kusema, "Lakini dada, hili mbona liko chini sana?"

Mimi sikuwa na haja ya gari refu. Nilitaka gari litakalopita Kona ya Mawe bila kulala ubavu, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa na alikuwa ameapa kwamba hapandi gari langu mpaka litulie. Asipopanda langu, angepelekwa kanisani na gari la baba yetu mdogo. Hilo nilikuwa tayari kulizuia hata kwa kumbeba mgongoni, kama nilivyombeba zamani.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mimi nikiwa darasa la sita. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa nje ya nyumba yetu pale Sepuka, na baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba, akasema watoto wagawanywe. Huyu aende kwa shangazi Mgori, huyu kwa mjomba Kinampanda, yule wa mwisho atamchukua yeye. Alisema kwa upole, kama mtu anayegawa mbegu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, huyo wa mwisho nimemfunga mgongoni kwa kanga ya mama. Nikasema, "Hatugawanywi." Watu walicheka kidogo, maana haikuwa kawaida mtoto wa kike kujibu kikao. Lakini sikuketi na sikutoka pale mpaka wakaamua kuacha kwanza. Shule niliiacha wiki hiyo hiyo. Baba mdogo aliondoka akisema, "Haya, tutaona."

Neno hilo "tutaona" nimeishi nalo miaka mingi. Kila alipokuja kututembelea, alimwangalia mdogo wangu na kusema, "Huyu kama ningemchukua mimi, leo angekuwa mbali." Alisema hivyo hata siku mdogo wangu alipofaulu kwenda sekondari. Sijui alitaka awe mbali kiasi gani.

Gari nililipata enzi zile za ruksa, maduka yalipojaa na kila aliyekuwa na nguvu akaambiwa afanye biashara. Mashine ndogo za kukamua alizeti zilikuwa zimeanza kusambaa vijijini, nami nilikuwa nachukua mafuta Sepuka na kuyapeleka mjini kwa madumu. Mtaalamu mmoja wa mradi wa visima alikuwa anarudi kwao, na gari lake dogo la dizeli halikuwa na mnunuzi. Lilikuwa la zamani hata wakati huo, limekatwa nyuma kama mkate, na mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Ukilaza viti vya nyuma, madumu yanakaa vizuri. Lilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, lakini halikuchagua mafuta na halikukataa kuwaka asubuhi. Nililipenda. Mpaka leo, pamoja na yote yaliyonitoa roho, nasema nililipenda.

Shida ilikuwa namna lilivyotembea. Ukilipakia madumu, matako yalishuka na pua ikaangalia mbinguni. Kwenye ile mistari ya barabara tunayoiita rasta lilirukaruka na kuhama upande bila kuulizwa. Ukikata kona, linalala upande mmoja kabisa, mafuta ndani ya madumu nayo yanakimbilia upande huo huo, kisha ukinyoosha usukani linalala upande wa pili, hivyo hivyo, kushoto, kulia. Sepuka wakaliita Bata. Watoto walilisikia kwa mbali na kuimba, "Bata huyo! Bata huyo!" Hata mchungaji aliniuliza siku moja baada ya ibada, kwa heshima zote, "Mama, leo umekuja na Bata?"

Siku ya ajali ilikuwa baada ya mvua kukatika. Mdogo wangu alikuwa amemaliza mafunzo ya ualimu na nilikuwa nimemfuata mjini na masanduku yake. Nyuma nilikuwa na madumu machache yaliyobaki bila kuuzwa. Kona ya Mawe iko pale barabara inapozunguka miamba mikubwa, na upande wa pili ni shamba la mtama. Niliingia kwa mwendo wa kawaida. Gari likalala. Nikanyoosha usukani, likalala upande wa pili, na kabla sijajua niseme nini tulikuwa ndani ya mtama wa watu, mashuke yanapiga kioo. Dumu moja lilifunguka na kumwagika juu ya sanduku la nguo zake. Yeye alikuwa ameshika kile kishikio kilicho juu ya mlango, na kishikio kiling'oka, kikabaki mkononi mwake.

Hakuumia, isipokuwa bega lilivimba. Alishuka, akasimama kati ya mtama akikiangalia kile kishikio. Kisha akanikabidhi, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima.

"Shika mali yako, dada."

"Panda twende. Limekwishatulia."

"Limetulia kwa sababu limeingia shambani. Mimi humo sipandi tena."

Akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, sanduku kichwani, mafuta ya alizeti yanamchuruzikia shingoni.

Nilidhani hasira zitapoa. Hazikupoa. Kila alipotaka kwenda mjini alipanda lori la vitunguu, akapita mbele ya gari langu na kulisalimia kwa kejeli, "Shikamoo Bata." Kisha akachumbiwa na mwalimu mwenzake, mahari ikajadiliwa, na harusi ikapangwa kufungwa kanisani mjini, baada ya mavuno. Siku ya kikao cha maandalizi baba mdogo alikuja na pikapu yake, pana na nyeupe, ameiosha mpaka magurudumu. Akaketi kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Sasa suala la usafiri lisiwasumbue. Bibi harusi atapanda kwangu, mimi na yeye mbele. Ndivyo inavyopasa, mimi ndiye baba aliyebaki. Hiyo Bata yenu itakuja nyuma na masufuria."

Wajumbe walicheka. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa anafunga banda la kuku, maana jua lilikuwa linazama, na alikuwa anahangaika na kile chuma kizito tunachofungia mlango ili mbuzi wasiingie kula pumba. Hakugeuka. Wageni walipoondoka nikamfuata hapo hapo bandani.

"Utapanda kwa baba mdogo?"

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na ile kona."

"Kwa hiyo utapanda kwake."

"Unipeleke na shela langu mpaka kwenye mtama?" Kisha akapunguza sauti. "Lifanye litulie. Likitulia napanda kwako, na hata akilia machozi sipandi kwake. Lakini unitulizie kweli, usinidanganye."

Ndivyo nilivyoingia mikononi mwa mafundi.

Fundi wangu alikuwa chini ya mwarobaini karibu na soko, mtu mcheshi, mwepesi wa mikono, ambaye tangu mwanzo aliniita shemeji bila kunieleza ni kaka yake gani aliyenioa au kaka yangu gani aliyemwoa dada yake. Nilimweleza taratibu. Nilimwambia gari linayumba. Nilimwonyesha kwa mikono: linalala hivi, kisha linalala hivi. Nikasema nataka litulie barabarani, hasa kwenye kona. Alinisikiliza akitikisa kichwa kama daktari.

"Nimekuelewa shemeji. Niachie, jioni uje kulichukua."

Jioni nilikuta gari limesimama kwa vidole. Alikuwa amekata vipande vya tairi la lori na kuvisokomeza katikati ya springi zote, kisha akaongeza vyuma vya duara juu ya springi za mbele. Mlango wa dereva ulikuwa umefika kifuani mwangu. Nilipanda kama napanda trekta.

"Nilisema litulie," nikamwambia. "Sikusema liinuliwe."

"Shemeji, gari likiwa juu linatulia. Halikwami mahali."

"Sijasema linakwama. Nimesema linayumba."

"Lilikuwa linayumba kwa sababu liko chini, linaogopa mawe."

"Gari linaogopa?"

"Wewe lijaribu kwanza, halafu uje unitukane."

Nililijaribu. Kwenye rasta lilinirusha mpaka nikajiuma ulimi. Kwenye kona sikuthubutu. Nilisimama, nikaweka gia namba moja na kupita kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Hata hivyo liliinama nikaona mtama kupitia dirisha la abiria. Watoto wa Sepuka walipoliona walinyamaza kwanza, wakitafuta jina. Kabla sijafika nyumbani walikuwa wamelipata: "Korongo! Korongo!" Wale ndege wenye miguu mirefu wa Ziwa Kindai. Mdogo wangu alitoka jikoni, akalizunguka gari mara moja, akarudi jikoni. Nikamsikia anacheka na sufuria.

Kesho yake nilirudi kumtukana fundi kama tulivyokubaliana. Alipokea matusi kwa moyo mweupe. Lakini kumwambia atoe zile raba ilikuwa kazi. Nadhani sasa ninamwelewa. Magari yote madogo yaliyokuwa yakiingia Singida miaka ile yalikuja yakiwa chini, yametengenezwa kwa barabara za lami, na yakagonga matumbo kwenye mawe yetu mpaka yakavuja mafuta. Wenye magari wote waliomjia walimwomba kitu kimoja. Mtu akisema springi, sikio la fundi lilikwishajifunga kwenye neno hilo. Hata mimi ningekuwa yeye ningesikia hivyo hivyo. Lakini wakati ule sikuwa na nafasi ya kumwelewa. Mtama ulikuwa unavunwa.

"Springi zako zimechoka tu," hatimaye alisema. "Tafuta ngumu, nitakufungia."

Mdogo wangu anayenifuata, wa kiume, alikuwa utingo wa lori linalokwenda Dar es Salaam. Nikamwagiza springi. Nilimwandikia aina ya gari kwenye karatasi, nikamchorea, nikamwambia: ngumu kidogo, urefu ule ule. Alirudi amezibeba begani, anatabasamu kama aliyeleta ng'ombe.

"Dada, hizi huwezi kuziona tena maisha yako yote."

Kweli sikuwa nimeziona. Zilikuwa ndefu kama mkono wangu wote.

"Hizi ni za gari langu?"

"Za gari lako hazipo, dada, nimezunguka mji mzima. Hizi ni za basi dogo. Lakini ni nene! Shika uone. Muuzaji amesema gari dogo likivaa springi ya gari kubwa, linakuwa na adabu."

"Nilisema urefu ule ule."

"Ndefu si ndiyo bora? Ndefu unaweza kukata. Fupi utaiongezaje?"

Fundi alifurahi kuliko watu wote. Alizikata kwa msumeno, akazifunga, na gari likawa gumu kama kitanda cha hospitali. Sasa halikulala kwenye kona. Liliruka. Ukikuta jiwe dogo kama ngumi, gurudumu la nyuma linaondoka ardhini na mkia unahama. Niliuza mafuta wiki ile kwa hasara ya mgongo wangu, nikifika mjini nashindwa kunyooka, wateja wananiuliza kama nina mimba. Nilimwambia fundi azitoe. Akasema azitoe aweke zipi? Za zamani alikuwa amezipeleka kwa muuza vyuma chakavu.

Siku ile nilikaa kwenye tairi pale chini ya mwarobaini na nikalia kwa hasira, si kwa uchungu. Hasira ya mtu anayesema neno moja la Kiswahili, neno rahisi, watu wote wanalisema, na kila mtu anaitikia "ndiyo" kisha anafanya jingine. Litulie. Mama anamwambia mtoto, tulia, na mtoto anaelewa.

Fundi alichuchumaa mbele yangu. Ndipo kwa mara ya kwanza hakuniita shemeji.

"Dada, haraka ya nini? Kuna nini?"

Nikamweleza. Harusi, baba mdogo, pikapu nyeupe, hata kile kikao cha matanga nikiwa darasa la sita. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni bibi harusi ndiye anayetakiwa atulie."

"Ni gari!"

"Nimesikia. Nimesikia sasa." Akajikuna kichwa. "Liko pacha la hili, limekufa, kwenye uwanja wa misheni moja huko njia ya Kiomboi. Limewekwa juu ya matofali muda mrefu. Twende tukachukue springi zake, tukaangalie na lilivyofungwa. Maana kusema kweli, dada, mimi hili gari sijawahi kuliona likiwa zima."

Tulipanda basi kesho yake asubuhi. Kabla ya kuondoka nilifungua banda la kuku kama kawaida yangu, nikachomoa kile chuma na kukiegemeza ukutani. Nakumbuka kwa sababu kiliniangukia mguuni, nikakitukana.

Pacha lilikuwa na rangi ile ile, limeota majani mpaka dirishani, na jogoo wa misheni alikuwa amelala juu ya boneti. Mlinzi alituruhusu. Fundi alilala chini upande wa nyuma akaanza kufungua. Mimi sikuwa na la kufanya, nikatandika kitenge changu na kulala chali upande wa mbele, nichungulie kitu ambacho mwezi mzima nilikuwa nakigombania bila kukijua. Niliona springi. Niliona shokapu. Kisha nikaona chuma kimoja cha mviringo, kinene kama kidole gumba, kimevuka kutoka gurudumu la kulia hadi la kushoto, ncha zake mbili zimepinda kuelekea nyuma na kupondwa bapa, zina matundu.

Nilikiangalia muda. Nilijua mikunjo yake yote. Nilijua jinsi ncha zile zinavyoteleza kwenye pete mbili za mlango na kukaa pale hata mbuzi dume asukume.

"Fundi," nikaita. "Hiki cha mbele kinaitwaje?"

"Kipi?"

"Hiki kinachovuka."

Akatambaa mpaka kwangu, akalala pembeni yangu, akatazama.

"Hicho? Stabilaiza hiyo. Inashika pande zote mbili, upande mmoja ukitaka kulala mwingine unaukata..."

"Unaukataza," nikamalizia.

"Hiyo ndiyo kazi yake, ndiyo."

"Sisi kwetu iko wapi?"

Jogoo alikwaruza bati juu yetu.

"Dada," alisema taratibu, akiwa bado anaangalia juu, "si wewe uliyekuja mwaka ule wa kwanza ukasema gari linakugongea ko-ko-ko, unaumwa kichwa?"

"Ni mimi."

"Raba zake zilikuwa zimekwisha. Raba hazipatikani. Nikakitoa. Ko-ko-ko ikaisha, ukanishukuru, ukaniletea na kuku."

"Kisha ukaniambia nini?"

"Nikakwambia..." Akafumba macho. "Nikakwambia, chukua shemeji, chuma kizuri cha Ulaya, kitakufaa nyumbani."

"Kimenifaa," nikasema. "Miaka yote hii hatujaibiwa hata kifaranga."

Alianza yeye kucheka. Mimi nilitaka kumpiga kwa spana iliyokuwa juu ya tumbo lake, lakini nilikuwa nimelala chali na kitenge kimenibana, na kicheko kikanipata kabla ya spana. Mlinzi alikuja kutuangalia. Alitukuta watu wazima wawili chini ya gari bovu, tumeshika mbavu, akauliza kama tumekunywa.

Tulitoa springi na vishikio vya kile chuma. Chuma chenyewe cha pacha kilikuwa kimekatika upande mmoja, kwa hiyo tulihitaji changu. Raba hazikuwepo, lakini safari hii fundi alikaa na kisu chake na kipande kile kile cha tairi la lori alichokuwa amenisokomezea, akazichonga kidogo kidogo, akizijaribu na kuzipunguza, mpaka zikakaa bila kucheza. Shokapu tulipata mpya dukani mjini. Alilifunga gari kama lilivyokuwa, bila kuongeza kitu. Nilisimama juu yake muda wote, na kila aliposhika jeki nilisema, "Usiinue." Akajibu, "Nainua nipate kuingia chini, dada, kwani nitaingiaje?"

Chuma nilikuwa nimekitoa mwenyewe nyumbani, jioni ile tuliyorudi kutoka misheni. Mdogo wangu alikuwa amesimama na ungo wa pumba, kuku wanamzunguka miguuni.

"Unakipeleka wapi?"

"Kwenye gari. Ndiyo dawa ya kona."

"Komeo la kuku?"

"Ndiyo."

"Kinyesi chote hicho?"

"Nitakiosha."

Alikiangalia, akaniangalia mimi. "Sasa kuku watafungwa na nini?"

"Na mti."

"Mbuzi watavunja mti usiku wa leo leo."

"Wavunje."

Aliweka ungo chini, akakishika upande wa pili, maana kilikuwa kimekwama kwenye pete, tukavuta pamoja mpaka kikatoka.

Nilipita Kona ya Mawe peke yangu kwanza, nikiwa na madumu yaliyojaa. Nilipita kwa mwendo ule ule wa siku ya ajali. Gari liliinama kidogo, kama mtu anayesalimia mkubwa, likanyooka, likaendelea. Nikageuza nikapita tena. Wanawake waliokuwa wakipura mtama walisimama kuniangalia nikienda na kurudi, mpaka mmoja akapaza sauti kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Nyumbani nilimweleza mdogo wangu. Alisema, "Sawa dada." Sijui sauti ile ilikuwa ya kuamini au ya kunionea huruma. Wala hakukubali kwenda kujaribu. Alisema bega lake bado linakumbuka.

Asubuhi ya harusi pikapu ya baba mdogo ilifika mapema, imefungwa riboni kila mahali, na kiti cha mbele kimetandikwa shuka jeupe. Gari langu lilikuwa limesimama karibu na banda la kuku, limeoshwa, na riboni moja tu ambayo shangazi wa Mgori aliifunga kwenye kioo. Lilikuwa limerudi chini.

"Ah, limerudi kuwa Bata," alisema baba mdogo. "Afadhali. Lile Korongo lilikuwa linatisha. Haya, mwanangu, toka twende, mchungaji hasubiri."

Mdogo wangu alitoka ameshika shela kwa mikono miwili lisiburute vumbi. Vigelegele vikapigwa. Alisimama katikati ya magari mawili, na mimi nilikuwa nimeshika mlango wa langu. Sikumwita. Nilikuwa nimeahidi kutomdanganya, na sikuwa na uhakika wowote zaidi ya zile mara mbili nilizopita.

Yeye alikuwa anaangalia banda la kuku. Mti niliouweka ulikuwa umevunjika vipande viwili, mlango uko wazi, mbuzi wawili wako ndani wanatafuna, na kuku wote wamepanda juu ya paa la jiko, wakipiga kelele kama wajumbe wa kikao.

"Baba," alimwambia baba mdogo, akipiga goti kidogo kama inavyopasa, "wewe tangulia, utupokee pale mlangoni mwa kanisa. Mimi nakuja na dada."

"Kwenye hiyo?"

"Kwenye hiyo, baba. Imewanyang'anya kuku mlango wao. Nikiiacha, kuku watanisema."

Watu walicheka, na baba mdogo naye akacheka, kwa sababu huwezi kumkasirikia bibi harusi mbele ya vigelegele. Alisimama kidogo akiangalia lile shuka jeupe kwenye kiti chake. Kisha akamwita shangazi akae hapo.

Mdogo wangu aliketi nyuma, shela limejaa gari zima, pamoja na matroni aliyekuwa na kikapu cha karanga za kukaanga. Nilipoona miamba niligundua nimebana usukani mpaka vidole vimekufa ganzi. Nikaingia kona. Nikanyanyua macho kwenye kioo, si kuangalia barabara kama inavyotakiwa, bali kuangalia mikono yake.

Alikuwa anamenya karanga. Ganda lilikuwa limegoma, akaliuma kwa meno kwa uangalifu lisimchafue midomo iliyopakwa rangi, na mwili wake uliinama kidogo na gari na kurudi nalo, bila yeye kujua. Tulipotoka upande wa pili aliinua macho, akatazama juu ya mlango wa mbele, pale palipobaki matundu mawili ya skrubu.

"Dada," akasema, mdomo umejaa, "hicho kishikio bado hujakirudisha tu?"

"Kimekufa. Utashika nini, kwani unaanguka?"

"Sianguki. Nauliza tu."